Aproni ya Mchuma Chai

Usinicheke. Haya yalimpata rafiki yangu Thuo, mwenye duka Silibwet, mwaka wa tisini na nne. Alikuwa akivua samaki kwa kayaki yake mtoni karibu na Boito, huku akiokota takataka majini. Siku hiyo akaopoa aproni ya plastiki ya mchuma chai.

“Rudisha!” mama mmoja aliyekuwa akiteka maji akamfokea. “Nani amekuambia hiyo ni takataka? Iko hapo na mwenyewe!”

Thuo akaitia ndani ya gunia, akapiga kasia. Ukungu ukafunika mto. Nyuma yake, karibu kabisa, akasikia majani ya chai yakichumwa. Kach. Kach.

Alipofika ukingoni, gunia lilikuwa tupu. Aproni alikuwa ameivaa yeye, imefungwa fundo mgongoni, pale mkono wake haufiki.