Mchanga wa Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi kabla ya shule, Sessi alimsaidia shangazi yake Dansi kujaza petroli ya kuuza kwenye chupa na kuzipanga mezani, kando ya barabara ya Porto-Novo. Mashapo yaliyobaki chini ya pipa aliyamwaga nyuma ya nyumba. Shangazi alimfunza hivyo kwa kuhofia moto. Mchanga utayanywa, alisema, na yataishia hapo.

Darasani hakuna aliyetaka kukaa naye. Walijiziba pua, wakimwambia asogee asije akawalipukia. Aliyebaki ni Afiavi, mtoto wa jirani, na Sessi alimpenda kama pacha wake.

Mvua kubwa ziliponyesha, maji ya kisima cha kina Afiavi yalipanda, yakaja na harufu. Sessi aliijua harufu ile kuliko mtu yeyote. Akanyamaza. Akisema ukweli, Afiavi naye atamwacha, kisha abaki na nani? Hata Afiavi alipolalamika kuwa tumbo linamsokota, Sessi alimeza maneno yake. Upweke wa siri hiyo ulimuuma kuliko ule wa darasani, kwa kuwa sasa hakuweza hata kumtazama rafiki yake usoni.

Jumamosi mama Afiavi alichota maji sufuria tele. Si walifundishwa zahanati kwamba maji mabaya huchemshwa? Akapepea mkaa ukakolea, akainua sufuria. Sessi, aliyekuwa akichungulia uani, alikimbia kumzuia.

"Mama, usiweke motoni! Hiyo ni petroli. Mimi ndiye niliyekuwa naimwaga."

Mama Afiavi alirudi nyuma, akaitua sufuria mbali na jiko. Juu ya maji ulielea utando wa rangi rangi. Afiavi, aliyekuwa kando ya mama yake, aliingia ndani, na Sessi akarudi kwao akilia peke yake.

Jioni hiyo shangazi Dansi alikwenda kuomba radhi. Afiavi alipelekwa zahanati, kisima kikafunikwa. Wataalamu wa maji walisema kitakaa hivyo miaka mingi.

Siku ya tatu Afiavi alisimama mlangoni kwa kina Sessi na ndoo mbili. Mama yake alikuwa nyuma yake.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mwanangu, hakuondoi petroli," alisema mama Afiavi. "Na mchanga hauinywi, unaishusha tu kwenye maji yetu. Hilo ni kosa letu wakubwa. Kunyamaza ndiko kosa lako. Siku nyingine ukinusa hatari, sema siku hiyo hiyo, hata ukiogopa kuachwa. Haya, chukua ndoo. Bomba liko mbali, na huyu mwenzako amekataa kwenda peke yake."