Deni la Salfa

Mbaraka alizikwa Jumatano, saa kumi alasiri, pale Masaki, wilaya ya Kisarawe. Mkewe Zubeda hakwenda makaburini. Alibaki ndani na wanawake wenzake.

Wanaume waliporudi, shemeji yake Zaidi alikuja mlangoni.

"Shemeji, tumeuliza pale kaburini nani anamdai marehemu. Amejitokeza mmoja tu, Hashiru, muuza pembejeo wa Mkuza, kule Kibaha. Mbaraka alichukua kwake kwa mkopo salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Imebaki laki moja na themanini elfu. Ndugu tutachanga."

"Msichange," alisema Zubeda. "Nitamlipia mwenyewe."

Aliamini kwamba mwenye deni hapumziki kaburini.

Baada ya siku chache watu waliondoka. Hata binti yake, Hajra, alirudi kwa mumewe Tunduru. Nyumba ikawa kimya mno. Katika miezi minne na siku kumi za eda, Zubeda alikaanga mihogo uani. Majirani walimfuata hapohapo kununua. Walilipa sarafu za mia na mia mbili, naye akaziweka kwenye ndoo ya rangi. Kila jioni alihesabu kwa sauti, kama anayemwambia Mbaraka.

"Leo elfu moja na mia sita, baba Hajra."

Akafunika ndoo.

Eda ilipoisha, hesabu ilikuwa imetimia. Zubeda alimwita Dulla, dereva wa bodaboda mwenye wajukuu wawili. Dulla aliinua ndoo akaguna.

"Dada Zubeda, umebeba kokoto za kujengea?"

"Ni deni. Twende."

Walipofika Mkuza, Hashiru alifungua mfuniko, akachungulia, akaufunga.

"Mama Hajra, pole sana na msiba. Lakini hizi sizipokei. Nina wateja, nitahesabu mpaka lini?"

"Si pesa hizi?"

"Ni pesa. Ila sizipokei."

Zubeda alitoka nje. Aliona kwamba Hashiru amekataa kumwachilia mumewe.

"Twende polisi!" Dulla alifoka. "Pesa ya serikali inakataliwaje? Kuna sheria nchi hii!"

"Sitaki kumshtaki mtu," alisema Zubeda. "Nataka apokee."

Dulla akawasha pikipiki, akampeleka benki wakaulize. Zubeda hakuwahi kuingia benki. Kwenye dirisha la huduma alikuwepo mama wa makamo, jina lake Margareth. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, sarafu ni pesa halali," alisema Margareth. "Ukinunua chumvi kwa sarafu ya mia mbili, muuzaji hana sababu ya kuikataa. Lakini deni kubwa ni jambo jingine. Noti unaweza kulipia deni la kiasi chochote. Kwa sarafu, kuna kiwango ambacho mdai analazimika kupokea. Ukizidisha, ni hiari yake. Akikubali, sawa. Akikataa, hajakosa."

"Kiwango chenyewe ni kiasi gani?"

"Sheria hubadilishwa, kwa hiyo usishike maneno ya mtaani. Ukitaka kulipa sarafu nyingi, uliza benki kwanza. Na umwulize unayemlipa kabla hujabeba ndoo."

"Kwa hiyo Hashiru hajalikataa deni la mume wangu?"

"Amekataa kazi ya kuhesabu tu, mama. Leta hizo sarafu, nikubadilishie noti. Siku nyingine zitenganishe nyumbani. Za mia peke yake, za mia mbili peke yake."

Kuhesabu kulichukua muda. Zubeda alikaa kwenye benchi, mikono mapajani. Sarafu zilipokuwa zikigongana, alizikumbuka jioni zote zile. Mwishowe Margareth alimpa noti kumi na nane za elfu kumi.

"Ukilipa, dai risiti," alimwambia. "Usiondoke bila karatasi."

Waliporudi Mkuza, Hashiru alizipokea noti, akazihesabu mara moja, akachukua kitabu cha risiti. Akaandika, "Nimepokea kutoka kwa Zubeda..."

"Hapana," alisema Zubeda. "Andika Mbaraka."

"Mama Hajra, marehemu analipaje?"

"Deni lilikuwa lake. Andika jina lake, na useme humdai tena."

Hashiru alimtazama. Akaichana ile karatasi, akaandika nyingine polepole. Akaisoma kwa sauti: "Nimepokea kutoka kwa Mbaraka shilingi laki moja na themanini elfu, deni la salfa. Simdai tena." Akagonga muhuri.

"Mungu amrehemu," alisema.

"Amina," alijibu Zubeda. Ndipo akalia, palepale kati ya magunia ya mbolea. Hashiru akamsogezea kiti.

Siku hizi Zubeda hupeleka sarafu zake benki kila mwisho wa mwezi, zikiwa zimetenganishwa. Mbaraka hadaiwi na mtu. Zubeda anaishi peke yake.