Moshi Uliokula Bati

Mume aliitwa Shaba kwa sababu ya kazi yake. Alinunua nyaya chakavu za umeme, akatoa shaba iliyo ndani, akaiuza kwa kilo. Mkewe aliitwa Mama Miche, na jina hilo halihitaji maelezo. Kitalu chake kilikuwa uani, kati ya jiko na ukuta, kila mche katika kifuko chake cheusi. Mama mzazi wa Shaba aliishi nao. Yeye aliitwa Bibi tu, na kazi yake ilikuwa kusema kweli bila kuulizwa.

Kila alasiri Shaba alirundika nyaya nyuma ya ukuta na kuzichoma. Ganda la plastiki liliungua, shaba ikabaki. Moshi wake ulikuwa mweusi, nao uliwasha macho.

“Kachomee mbali, baba,” Mama Miche alimwambia.

“Si kuna ukuta hapa? Moshi hupanda, mke wangu. Ukishapanda, umekwenda zake. Mbingu ni kubwa.”

“Kubwa kuliko akili yako,” Bibi alijibu kutoka mlangoni, kisha akakohoa.

Mwaka huo mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimwagiza Mama Miche miche mia mbili ya miti ya kivuli. Wanafunzi wake walicheza juani, hawana hata mti mmoja. “Ukinipatia vizuri, mama, nitaagiza kwako kila mwaka,” alisema. “Ukishindwa, nitatafuta mwingine.” Mama Miche hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Alifurahi hadi akasahau kutia chumvi kwenye mboga, na Bibi alimkumbusha jambo hilo wiki nzima.

Miche ilipofikisha wiki sita, majani yalianza kuharibika. Kingo zikawa za kahawia. Madoa yakatokea katikati. Mama Miche alidhani ni kiu, akaongeza maji. Aliyateka kwenye pipa lililokinga mvua kutoka paani, maana aliamini hakuna maji safi kuliko ya mvua. Lakini kadiri alivyomwagilia, ndivyo miche ilivyozidi kufa. Mia mbili ikawa mia na ishirini, kisha themanini.

“Labda mkono wako umekuwa mzito,” Shaba alisema. “Unaizamisha.”

 Neno lile lilimuuma sana Mama Miche. Alikwenda kwa mwalimu, akamwambia miche imepata ugonjwa, akaomba asubiriwe hadi msimu wa mvua unaofuata. Mwalimu alikubali, lakini kwa mara hiyo moja tu.

Kesho yake alimwita bibi shamba, ofisa wa kilimo wa eneo lao. Alikuwa msichana mwenye mabuti makubwa kuliko miguu yake. Alifika alasiri, Shaba akiwa ndiyo kwanza amewasha moto. Msichana alipitisha kidole kwenye jani, kikatoka na masizi. Kisha akatazama juu.

“Mliezeka lini mabati haya?”

“Mwaka juzi,” alijibu Shaba. “Yote siku moja.”

“Mbona ya upande ule yanang'aa, na haya ya upande wa ukuta yameliwa na kutu?”

Shaba aliinua macho. Alikuwa mtu wa vyuma, kutu aliijua vizuri. Lakini alipita chini ya paa lile kila siku bila kulitazama.

“Labda mabati mabovu,” alisema polepole.

“Si mabati, baba. Ni moshi. Moshi wa plastiki hii una asidi, kitu kinachounguza kama maji ya betri ya gari. Nao hauendi zake. Mwingine hushuka kama masizi. Mwingine huchanganyika na umande na mvua. Ukigusa bati, bati linapata kutu. Ukigusa jani, jani linaungua.”

“Lakini mimi namwagilia maji ya mvua!” alisema Mama Miche.

“Yamepita juu ya paa lipi, mama?”

Mama Miche alishika mdomo. Alikuwa akiinywesha miche sumu kwa kopo lake mwenyewe.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema Bibi.

Shaba hakutaka kushindwa. “Moto wangu mmoja huu? Mbona viwanda na magari hamvisemi?”

“Tunavisema. Moshi wa huko na wako hukutana huko juu, upepo ukausambaza. Mvua yenye asidi hunyesha hata mahali pasipo na kiwanda. Misitu hudhoofika, samaki hufa maziwani. Tena moshi wa namna nyingi huzuia joto la dunia lisitoke, na misimu inavurugika. Viwanda wapo wanaoviuliza. Kwa moto huu, wa kuulizwa ni wewe. Na masizi uliyoyaona kwenye jani, mama yako anayavuta pia.”

Shaba alimtazama mama yake. Alikuwa anakohoa.

“Sasa tutakula nini?” aliuliza.

“Zichune nyaya kwa kisu. Shaba iliyochomwa hutoka nyeusi, iliyochunwa hung'aa. Mnunuzi wako anapenda ipi?”

Jibu Shaba alilijua. “Inayong'aa. Lakini kuchuna kunachelewesha.”

“Chuna nyaya nene. Nyembamba ziuze na ganda lake, kuna wenye mashine za kuzisaga.”

Shaba alinuna siku tatu. Siku ya nne alibana kisu kati ya vipande viwili vya mbao, akapitisha waya, akavuta. Ganda likapasuka. Siku hiyo alipata nusu ya shaba aliyozoea, akajikata kidole, akamlaumu kila mtu nyumbani. Baada ya mwezi mkono ulizoea. Mnunuzi naye alianza kumwongezea bei.

Majivu waliyafukia mbali na kitalu. Paa na pipa vilisafishwa, na maji ya mvua ya kwanza waliyaacha yapite kabla ya kukinga. Mama Miche alitafuta udongo mpya, akasia mbegu upya. Kikohozi cha Bibi kilipungua, maneno yake yakaongezeka.

Msimu uliofuata mwalimu mkuu alikuja na mkokoteni. Miche mia mbili ilimngoja, majani mabichi kabisa.

“Hongera, mama,” alisema. “Naona umeipata dawa ya ule ugonjwa.”

Mama Miche alifungua kinywa aitikie, lakini mumewe alimtangulia.

“Haukuwa ugonjwa, mwalimu. Miche ya kwanza niliiua mimi, kwa moshi wangu. Kisha nikamsingizia yeye.”

 Safari hii Bibi alikuwa ametanguliwa kusema kweli. Mama Miche alikuwa amemfichia mumewe aibu hiyo miezi yote, wala hakumwomba aiseme.

“Tupakie,” alisema. “Jua linapanda.”

Akachukua mche wa kwanza, akampa mumewe, naye Shaba akaupokea kwa mikono miwili.