Ziba Pumzi

Fundi huyu wa magari ni binti wa shangazi yangu, na si mtu wa kutia chumvi, hata jikoni. Asubuhi ile shemeji yake alimletea pikapu ya marehemu mkewe, mdogo wake Fundi, inayotapika moshi mweusi, akaomba isafishwe upesi. Ukaguzi wa moshi ulikuwa mchana. Miezi sita nyuma mdogo mtu alikutwa kitandani hana uhai. Mume alisema ni pumu. Alilia msibani mpaka ndugu wa damu wakajiona wazembe. Fundi hakumwamini, lakini kutoamini si ushahidi, na tangu siku hiyo alikuwa na kiu moja tu: kujua.

Akafungua boneti, akatoa bomba la kuvutia hewa na valvu inayorudisha moshi kwenye injini. Masizi yalikuwa yameganda unene wa kidole. Alikwangua kwa bisibisi, akasugua kwa brashi na petroli hadi chuma kikang'aa. Masizi ya gari hunuka mafuta. Haya yalinuka dawa ya kifua, ile aliyokuwa akijipaka mdogo wake kila alipobanwa.

Akafunga vyote, akawasha. Injini ikanguruma vizuri. Sasa, kuhakikisha hakuna upenyo, mafundi huziba mdomo wa hewa kwa kiganja. Injini nzima hukata roho papo hapo. Na kitendo hicho wana jina lake. Fundi akakaa kwenye usukani, akakanyaga mafuta kidogo, akamwita mwenye gari aliyesimama mbele ya boneti.

"Shemeji, ziba pumzi."

Shemeji akashtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Nani kakwambia?" akanong'ona.

Fundi alitaka kucheka. Kisha hakutaka tena.

"Weka kiganja hapo kwenye mdomo wa hewa," akasema polepole. "Kwani wewe umeelewa nini?"

Kulifunika neno lililomponyoka, akauweka haraka mkono wa kulia, ule wenye kidole cha kati kifupi, kilicholiwa ncha zamani na mlango wa pikapu hiyohiyo. Injini ilipaswa kuzima.

Haikuzima. Ilivuta.

Ngozi ikaingia kwanza. Halafu vidole, kimoja kimoja, vikivunjika kama kuni kavu. Fundi akachomoa ufunguo. Injini ikaendelea. Akarukia betri, akang'oa waya. Ikavuta zaidi. Damu ikaruka hadi kwenye kioo.

"Alikuwa anakohoa tu," shemeji akasema, sauti ya chini kama anayeungama. "Usiku kucha. Nilitaka anyamaze."

Kiwiko cha mkono kilibaki. Kifundo cha kiganja kikakatika. Injini ikakohoa mara tatu, kikohozi chembamba ambacho Fundi alikijua tangu yeye na mdogo wake walipolala kitanda kimoja utotoni. Ikazima.

Mafundi walifungua kila bomba kuutafuta mkono. Hapakuwa na mfupa wala tone la damu. Ndani kulikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Shemeji alifika hospitali akiwa hai, jeraha likafungwa, damu ikakoma. Nesi alitoka kufuata shuka, akarudi akamkuta amekufa, macho wazi. Daktari alisema amekosa pumzi. Puani na mdomoni palikuwa na alama ya kiganja, masizi matupu. Wakasugua kwa sabuni. Wakasugua kwa spiriti. Kazikwa nayo.

Kiganja cha kulia. Kidole cha kati kifupi.