Nyumba Iliyofungwa kwa Nje

Runji alipobisha asubuhi ile, Karambu alikuwa amelala chali chini ya kitanda, leso imeziba mdomo, na mlango ulikuwa na kufuli upande wa nje. Hakukuwa na mtu mwingine ndani wa kumjibu. Lakini Runji alijibiwa.

"Hayuko," sauti ya mwanamke ilisema kutoka nyuma ya pazia, pale cherehani ilipokaa.

Kokoto za nje zikanyamaza chini ya viatu vya Runji.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi nakaa hapa."

"Sasa wamekufungia ndani?"

Runji alitingisha kufuli kidogo, akaguna, akaenda zake. Huyu Runji kazi yake ilikuwa kufuatilia madeni ya ofisi moja ya mikopo pale mjini Meru, na pikapu yake ilijulikana Kinoru nzima, maana haikuwahi kuondoka bila godoro la mtu.

Karambu alikaa chini ya kitanda mpaka mgongo ukafa ganzi. Alipopata moyo wa kufunua pazia, aliona cherehani peke yake. Kigoda chake kilikuwa kimevutwa nyuma, kama cha mtu aliyetoka kuketi sasa hivi, na mahali pale palinuka magunia mabichi.

Deni lenyewe halikuwa na siri. Karambu alikopa kununua mitumba, mvua za El Niño zikaja, lori lililobeba belo zake likazama mtoni, na mkopo haukuzama nalo. Ndipo yeye na mumewe Kithaka wakafanya ule ujanja wa watu wenye madeni. Kila asubuhi Kithaka alimfungia kwa nje, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake kwenye karakana ya mbao nyuma ya uwanja wa mpira. Majirani waliambiwa Karambu amerudi kwao Githongo na nyumba ni tupu. Ili iwe tupu kweli, jiko halikuwashwa, redio haikuguswa, madirisha yakapigiliwa mbao. Karambu alikohoa kwenye mto. Ni ujanja mzuri mpaka uufanye mwenyewe, siku nzima, gizani, huku watoto wa watu wakicheza mpira wa kati nje.

Jioni alimweleza Kithaka kwa kunong'ona.

"Hukuwa unaota?"

"Sikuota. Imesema, mimi nakaa hapa."

"Na Runji alienda ama hakuenda?"

"Alienda."

"Basi si imetusaidia?" Kithaka alisema, akivua viatu. "Wacha ikae."

Alisema kwa mzaha. Lakini ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na alikuwa amesema.

Kuanzia hapo Karambu hakuwa peke yake mchana. Uji ambao Kithaka alinunua na kumwachia kwenye thamosi aliukuta umekwisha na kikombe kimelowa. Harufu ya magunia ilitoka nyuma ya pazia ikaingia kwenye blanketi, kisha kwenye nywele zake mwenyewe. Halafu cherehani ikaanza. Kwanza ilikuwa polepole, pedali ikipanda na kushuka kama ya mtu anayejifunza, kisha kwa ufundi, kwa mwendo uleule wa Karambu, na ule mtuo mfupi aliozoea kuufanya akifika kwenye pindo. Kitambaa alichokiacha na alama za chaki kilikuwa gauni kufikia jioni. Mchana mmoja alilala ubavu, akachungulia chini ya pazia, akaona miguu miwili juu ya pedali, na miguu hiyo ilikuwa imevaa malapa yake, na kwenye kisigino cha kushoto palikuwa na lile kovu la jembe ambalo Karambu alilipata shambani kwa mama yake akiwa msichana, naye akashika kisigino chake mwenyewe gizani kuhakikisha kwamba bado anacho.

Siku hiyohiyo ukuta wa mbao uligongwa kidogo. Ilikuwa ni Fadumo, jirani aliyeitwa Mama Aweys kwa jina la mwanawe, mfanyabiashara wa vitambaa. Hakuwahi kuamini zile habari za Githongo.

"Karambu, binti yangu," alinong'ona kwenye ufa wa mbao. "Ni nani anashona?"

"Mama Aweys, si mimi."

Fadumo akasogeza mdomo karibu zaidi na ufa.

"Mmewasha moto humo mara ya mwisho lini?"

"Tangu Runji aanze kuja hatujawasha."

"Walahi mmekosea. Sisi tukisafiri, hatuachi nyumba kiza hivi. Tunaacha hata mtu wa kuja kuwasha taa. Nyumba ikisemwa ni tupu, wale wengine wanahamia. Na huyu amekukuta uko ndani, halafu nyinyi wenyewe mnamwambia wewe hauko."

"Nifanye nini, mama?"

"Yule wa deni akirudi, jibu wewe. Kwa mdomo wako, kabla yake. Ukiitwa jina ukanyamaza, akiitika yeye, jina ni lake."

"Watabeba machine."

"Wabebe. Machine inanunuliwa."

Maneno rahisi kwa mtu asiyeshona. Karambu alinunua cherehani ile kwa pesa za maziwa, miaka kabla ya kuolewa, na hakukuwa na kitu kingine duniani alichoweza kusema ni chake. Jioni alimwambia Kithaka kila kitu, na mumewe akasikiliza mpaka mwisho, maana naye sasa alikuwa akiinusa ile harufu.

"Shule zinafungua wiki ijayo," alisema hatimaye. "Watu watataka uniform. Hiyo machine ikienda, sisi tumekwisha, Karambu. Nipe hii wiki tu. Nyamaza hii wiki moja."

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Lakini Runji namwogopa zaidi."

Asubuhi alifunga kufuli kama kawaida, ila safari hii ufunguo uligonga mlango mara kadhaa kabla hajaondoka.

Runji alikuja na pikapu na vijana wa kubeba.

"Karambu!" aliita. "Leo nimechoka na huu mchezo. Kama uko, sema uko tuelewane. Kama hauko, navunja."

Karambu alitoka chini ya kitanda kwa magoti, akatambaa hadi mlangoni, akaweka kiganja kwenye mbao, na neno lilikuwa tayari ulimini mwake, na nyuma ya pazia pedali ikasimama, na kigoda kikaburutwa sakafuni, na harufu ikaja juu yake nzito hata macho yakatoa machozi, naye akafungua mdomo, na katika kufungua ule mdomo akaiona cherehani yake juu ya pikapu, imefungwa kamba katikati ya magodoro ya watu wengine, akamwona Kithaka akirudi jioni kwenye nyumba isiyo na kitu, akasema moyoni, ni wiki moja tu, akalizuia neno kwa kiasi cha pumzi moja.

"Niko," sauti ilisema nyuma yake. "Ngoja nifungue."

Kufuli lilianguka lenyewe nje, kwenye kizingiti. Mwanamke akampita Karambu, bega lake baridi likamgusa, akausukuma mlango, na mwanga wa jua ukaingia ndani.

Runji alirudi nyuma hatua moja, halafu akatabasamu.

"Kumbe uko, mama."

"Nilikuwa naumwa. Karibu ukae tuongee."

"Runji, mimi ndiye Karambu," Karambu alisema, akasema tena kwa nguvu, akamshika mkono. Macho ya Runji yalimpita yakatafuta kiti. Alikuwa hajawahi kukaribishwa kiti na mtu anayedaiwa, na jambo hilo lilimlainisha kabisa. Yule mwingine aliwasha jiko, akachemsha chai, akamwonyesha magauni, akamwahidi kulipa kidogo kidogo shule zikifunguliwa. Alisema polepole, kwa adabu, na kwa sauti ya Karambu. Vijana walirudi kwenye pikapu mikono mitupu.

Kithaka alipofika jioni alikuta mlango wazi, taa inawaka na ugali uko mezani. Alimtazama yule mwingine kwa muda mrefu. Kama aliona kitu, aliamua kutokiona, kwa sababu njaa ilikuwa nyingi na Runji hakuwa ameondoka na godoro. Karambu alimvuta shati. Akajikuna pale alipovutwa, akaketi kula.

Mlango sasa ulishinda wazi mchana kutwa. Karambu aliukimbilia mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na kila alipovuka kizingiti aliingia tena ndani, akitokea nyuma ya pazia. Alilia kwenye ufa wa mbao mpaka Fadumo akamleta sheikh. Yule mwingine aliwapokea vizuri, akajitanda leso, akatulia wakati wa kisomo chote. Sheikh alipomaliza alisema nyumba ina moto, ina watu, ina amani. Fadumo hakubisha. Alirudi kwake akauziba ule ufa kwa vitambaa, na kwa muda mrefu Karambu alimsikia akilia upande wa pili.

Deni liliisha kabla ya mvua za masika. Kinoru ilimsifu Karambu kwa bidii yake.

Baada ya hapo mama yake alikuja kutoka Githongo, amebeba ndizi, anahema kwa sababu ya kilima. Karambu alimrukia, akamkumbatia miguu, akaweka kichwa kwenye mapaja yake kama alivyofanya utotoni, akalia kwa sauti yote aliyobaki nayo. Mkono wa mama ulisimama na kikombe hewani. Akageuza kichwa.

"Mwari, binti yangu, ni nani analia hapa?"

Karambu aliacha kupumua.

"Ni jirani, mama," yule mwingine alisema, akimwongezea chai. "Ana madeni. Amejifungia humo ndani, hataki watu wajue yuko."

"Maskini," mama alisema, na kwa muda akaendelea kusikiliza. "Si umpelekee hata uji?"

"Nimejaribu. Hafungui."

Mama alitikisa kichwa kwa huruma, akanywa chai yake, akaanza kueleza habari za kahawa.