Kijivu cha Pili

Jua likizama, Mukandori alirudi kutoka mjini Kamembe, ndoo ya rangi kichwani, matusi yamemjaa kinywani. Safari ya tatu leo! Mjukuu wake Kamikazi alitaka kuta za saloni, chumba cha wageni, ziwe kijivu kizito kabla wakwe hawajafika kesho. Kijivu! Kama jiko lisilofagiliwa.

Ukutani palikuwa na mabaka mawili ya kujaribia rangi. Kamikazi ameyakazia macho, hata hakugeuka.

"Angalia, Koko. Ya kushoto iko na bluu ndani. Ya kuume iko na... joto."

"Mimi naona majivu na majivu. Chagua, mutoto! Bakwe banakuya kukuona wewe, habakuye kulamba ukuta."

Akatoka uani kumkaripia fundi Hamdani, aliyekuwa anaosha burosi yake ya rangi.

"Sababu gani ulipaka mbili? Unamuchanganya mutoto bure."

Burosi ikasimama majini.

"Maman... mimi nilipaka moja tu. Ya kushoto."

Mukandori akarudi ndani mbio. Harufu ikampokea mlangoni. Udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa leo. Baka la kuume lilikuwa limerefuka. Lina mabega. Lina kichwa. Kimo cha Kamikazi kabisa.

Na Kamikazi ameliegemea, shavu kwa shavu, akinong'ona.

Bibi hakumwita Mungu, hakuwa na nafasi. Alimkamata binti mkono, akamburuta hadi uani, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Mupumbavu! Unataka kuolewa na ukuta?"

Binti akacheka kidogo.

Kisha mlango ukagongwa.

Kutoka ndani.

"Koko..." Sauti ya Kamikazi, yenye kilio. "Umenifungia. Huyo umemushika ni nani?"

Hamdani alitimua mbio, miguu mitupu.

Mukandori akamkodolea binti macho. Pua ile ile. Kovu lile lile kwenye nyusi.

"Mama yako," aliuliza, "alikuwa anakuita nani kitandani, mbele ya kufa?"

Wakajibu pamoja, wa ndani na wa nje.

"Kanyoni."

Ndivyo alivyokuwa akimwita.

Kesho yake wakwe walipokelewa uani. Wakampenda yule wa nje, wakamchukua.

Ufunguo Mukandori anao. Kila magharibi anaketi kizingitini na kikombe cha uji, ameukunja uso, maana humo ndani kuna muntu analia njaa kwa sauti ya Kamikazi, naye hathubutu kufungua... na uji unapoa mkononi.