Picha Iliyoacha Nafasi

Jioni ile fundi alimaliza kuvuta waya wa intaneti hadi sebuleni, akapima kasi, akaridhika: mega nane kwenda, nane kurudi. Kazi yake ilikuwa kufunga mitambo ya mikutano ya video maofisini, na alijua kwamba picha angavu haitaki mzaha. Inataka waya, na taa mbele ya uso, si mgongoni. Mara ya mwisho marehemu mkewe kuzungumza na binti yao, aliyekuwa akisoma mji wa mbali, picha iliganda, na binti hakuuona tena uso wa mama yake. Fundi aliapa haitaganda tena. Alinunua kamera mbili zinazotafuta nyuso, moja akampelekea binti. Mtu akiwa peke yake, kamera hizo humvuta karibu. Watu wakiongezeka, hupanua picha ili wote waenee.

Siku ya tatu, akiwa peke yake sebuleni, picha yake ilipanuka. Kushoto kwake pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

Akampigia mwenzake wa kazini. "Inahesabu wawili."

"Umeoa kimyakimya, kaka? Hata soda hukutuita?" Mwenzake akacheka. "Vivuli tu hivyo. Safisha kioo."

Akasafisha. Akahamisha kiti, akashusha picha za ukutani, akafunga mapazia. Nafasi haikuondoka. Kesho yake akafungua orodha ya simu zilizopigwa: kila siku saa sita mchana, yeye akiwa kazini na nyumba imefungwa, mtu alizungumza na binti yake kutoka sebuleni humo kwa dakika arobaini.

Akampigia binti alasiri ileile.

"Mchana huwa unaongea na nani?"

Binti akainamisha macho. "Usikasirike, baba. Na mama."

"Unamwona?"

"Vizuri kabisa, hata unywele mmoja mmoja wa nyusi. Alisema nisikwambie, utachomoa waya."

Sebule ilianza kunuka waya ulioungua. "Anakuuliza nini?"

"Nakaa wapi. Ghorofa ya ngapi, mlango upi."

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "chumba hicho mama yako ndiye aliyekikodi. Sanduku lako alilipandisha ngazi kwa kichwa chake mwenyewe."

Binti akainua macho.

"Ulimwelekeza?"

"Jana. Leo akaomba ruhusa ya kuja. Nikamwambia karibu, mama."

Ndipo picha ya fundi ikaanza kumsogelea yeye peke yake, polepole, mpaka ile nafasi ya kushoto ikaisha na uso wake ukajaza pembe yake ya skrini, na wakati huohuo picha ya binti ikaanza kupanuka, ikaonyesha bega, kisha mto, kisha ukingo wa kitanda, kisha nafasi tupu kando yake, na hapo ikatulia, angavu, bila kuganda hata kidogo.

"Toka nje! Nenda kwa jirani!"

"Baba," binti alinong'ona bila kugeuza shingo, "amenishika mkono."

Alisafiri usiku kucha. Asubuhi alipanda ngazi, akakuta mlango haujafungwa. Binti alikuwa amejibana ukutani, kiganja kimelala wazi juu ya shuka, macho kwenye nafasi iliyokuwa kando yake. Hakumsalimu baba yake.

Fundi alivua viatu, akaenda, akakaa hapohapo. Godoro lilikuwa na joto. Akaushika ule mkono, hakuuachia.